Semina ya kwanza nimeisoma vya kutosha

Kwenye kabati langu kuna bahasha ya kaki iliyojaa vyeti vya semina za mazingira. Juu nembo tatu au nne, chini saini ya mgeni rasmi, katikati maneno yale yale: ameshiriki mafunzo ya uelewa kuhusu umuhimu wa uhifadhi. Nilipoanza kujitolea nilivipenda sana, kimoja nilikitia fremu. Siku hizi nikipigiwa simu ya mwaliko nauliza kwanza kama mafunzo ni ya wanaoanza. Naambiwa, "Dada, ni ya wote." Maana yake ni ya wanaoanza.

Kwa asiyenijua: mshahara wangu unatoka kwenye ukarani, ofisi ya mawakala wa forodha huko Kurasini, kuhangaika na nyaraka za makontena ya watu. Naishi Gongo la Mboto. Jumamosi ambazo hakuna msiba wala shughuli ya ukweni natembeza watoto wa shule kwenye msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, au ufukweni Kunduchi, pamoja na wenzangu wachache ambao hawalipwi na mtu. Tuna fundi cherehani, tuna mwalimu mstaafu wa hesabu, tuna mama muuza vitenge, na tuna kijana wa bodaboda anayejua ndege kutuzidi wote. Hakuna hata mmoja wetu aliyesomea wanyamapori wala misitu.

Mtu akisikia hivyo anatuonea huruma kwamba hatuna mafunzo. Mafunzo tunayo, tena mengi. Shida ni kwamba yote ni ya darasa la kwanza. Mada ya asubuhi ni maana ya mazingira. Saa nne chai na sambusa. Baada ya chai ni athari za plastiki, mada ambayo mimi nimeisikiliza nikiwa nimewekewa chupa ya maji ya plastiki mezani, katika nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 2019. Halafu picha ya pamoja, posho, kwaheri. Waandaaji siwalaumu sana. Mfadhili anataka kusikia watu wangapi wapya wamefikiwa, na sisi wa zamani si wapya, kwa hiyo hatuhesabiki. Anayebaki miaka mingi kwenye kazi hii hakuna aliyemwandalia kitu.

Na kazi yenyewe haikungoji. Watoto wa darasa la tano hawaulizi umuhimu wa mazingira. Wanauliza, "Madamu, mbona msufi huu mdogo una miiba na ule mkubwa hauna?" Wanauliza kama sange ni panya. Mtu wa semina ya kwanza atajibu kwamba sange ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu, tumtunze. Mtu aliyeendelea kusoma atawaambia kwamba sange, pamoja na umbo lile la kipanyapanya, kiukoo yuko karibu zaidi na tembo, pimbi, muhanga na nguva kuliko panya yeyote wa jikoni kwao. Sema hivyo mbele ya watoto arobaini uone. Hakuna atakayetupa ganda la pipi chini kwa nusu saa nzima, na wala hujawakataza.

Wenzetu wa Texas, Marekani, wana mpango wa watu wa kujitolea kama sisi. Unaanza na mafunzo ya saa 40. Baada ya hapo, ili uendelee kutambuliwa, kila mwaka unatoa saa 40 za kazi na saa 8 za mafunzo ya juu. Nilipousoma utaratibu huo sikuzionea wivu zile 40. Niliionea wivu ile 8. Kuna mtu alikaa akafikiri kwamba aliyekwisha kufundishwa bado anahitaji kufundishwa, akaliandika jambo hilo kwenye masharti, na saa zenyewe wala si nyingi. Foleni ya Barabara ya Nyerere siku ya mvua inakumalizia robo yake.

Basi na sisi tukajiwekea saa nane. Hakuna anayetukagua wala anayetutambua, ila tuna sharti moja tulilobuni wenyewe: lazima zitumike kwa jambo ambalo hulijui, mbele ya mtu anayeweza kukuambia "hapana". Kusoma peke yako kitandani hakuhesabiki. Kijana wa boda alilipigia kelele sharti hilo mpaka akachoka, maana yeye husoma usiku akisubiri abiria. Tukamwambia asome tu, lakini saa hizo ni zake.

Saa zangu za kwanza nilizipeleka Mlimani. Idara ya Botania ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hebariamu, yaani mahali panapohifadhiwa mimea iliyokaushwa, kila mmoja na karatasi yake na lebo yake. Tuliandika barua ya heshima, tukasubiri, tukapata asubuhi moja ya kuoneshwa kazi inavyofanyika. Nilidhani nitajifunza majina ya miti. Majina nilipata machache. Nilichopata zaidi ni namna ya kutazama.

Kukausha mmea ni kazi ya kawaida kabisa. Unakata kitawi chenye majani pamoja na ua au tunda, kwa sababu majani matupu mara nyingi hayatoshi kuutambua mmea. Unakilaza ndani ya gazeti, jani moja ukiligeuza ili mgongo wake uonekane. Unafunga katikati ya mbao mbili na kubana kwa mkanda, kisha unabadilisha magazeti kila siku, hasa wakati wa masika, la sivyo ukungu unakutangulia. Mpaka hapo ni kazi ya mikono. Ugumu uko kwenye lebo. Lazima uandike mambo ambayo mmea uliokauka hautaweza kuyasema tena: ua lilikuwa na rangi gani, mti ulikuwa na urefu gani, ukiukata unatoa utomvu au hautoi, utomvu wenyewe ni mweupe au mwekundu, jani ukilifikicha linanuka nini, ulisimama kwenye mchanga au kwenye mfinyanzi. Rangi ya ua inapotea ndani ya siku chache, na harufu haikai. Usipoyaandika palepale, umebeba takataka.

Tangu hapo siwezi kupita mti bila kufikicha jani. Abiria wenzangu kituoni wameshazoea. Msituni Pugu hukati kitu, ile ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kuchukua hata tawi kunataka kibali. Kwa hiyo mazoezi nilifanyia mtaani kwetu: mkungu wa nje ya msikiti, mlonge wa jirani, mwarobaini, na magugu ya kando ya reli ambayo nilikuwa sijawahi kuyatupia jicho. Magazeti ya michezo ndiyo yanayofaa zaidi, kwetu hayakosekani. Baba watoto aliuliza siku ya kwanza kama hii inalipa. Siku ya pili aliuliza ukurasa wenye matokeo ya Simba umeenda wapi.

Fundi cherehani yeye alikwenda Msalaba Mwekundu kusomea huduma ya kwanza, na ningekuwa na mamlaka ningelifanya jambo hilo la lazima kwa kila anayeingiza mtoto wa mwenzie porini. Alirudi akatufundisha habari za kuumwa na nyoka. Mengi tuliyolelewa nayo ni ya kuacha. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza mpaka mguu ubadilike rangi. Usimfukuze nyoka ili umpeleke hospitali. Mtulize aliyeumwa, mvue pete na bangili kabla mkono haujavimba, mfungie kijiti sehemu iliyoumwa isitikisike, mbebe badala ya kumtembeza, na safari iwe ya hospitali moja kwa moja. Swila akimtemea mtu sumu machoni, osha kwa maji mengi, usikomee kwenye kikombe kimoja. Huyu fundi hajui tofauti ya kipanga na mwewe mpaka leo na wala hana mpango wa kuijua, lakini bila yeye mimi sipandi gari na watoto.

Sasa nije Kunduchi, ambako ndiko nilikojifunza zaidi.

Mikoko nilikuwa naijua kwa jumla, kama anavyoijua mtu aliyekulia mbali na bahari. Aliyenifundisha kuitenganisha ni mama mmoja wa makamo anayepita humo kila maji yanapokupwa. Hakuwa na haja ya vitabu. Alinionesha miguu kwanza. Mkoko wenyewe umesimama juu ya mizizi iliyopinda kama matao. Mchu unachomoza mizizi midogo iliyonyooka kutoka kwenye tope, mingi, kiasi cha penseli, ndiyo unayopumulia. Msinzi mizizi yake inapinda juu ya tope kama magoti. Mlilana ndio unaotangulia mbele, unasimama upande wa baharini ambako maji yanaupiga sana. Mkomafi una tunda kubwa la mviringo, na likipasuka mbegu zake ukizitoa huwezi kuzirudisha zikakaa kama zilivyokuwa. Akanipa jani la mchu nililambe. Chumvi tupu. Mti huo unakunywa maji ya bahari na chumvi ya ziada unaitoa kupitia majani.

Yote hayo yamo kwenye vitabu vya mikoko, nimeyakuta baadaye. Lakini alinipa na mengine: magome ya upi yanatia rangi, kuni za upi zinashika moto zikiwa mbichi, na upande gani wa mkondo mikoko inarudi yenyewe ikikatwa na upande gani hairudi. Mimi nilimlipa kwa kumbebea ndoo na kwa kumsomea barua ya mkopo. Ukienda kwa mtu kama huyu, salimia vizuri, kaa, usitoe simu ya kurekodi kabla hamjazoeana. Na usimwambie umekuja "kumshirikisha". Yeye ndiye mwenye mali.

Wavuvi nao walitufundisha maji. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokamilika, na hapa Dar siku hizo bahari inapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Katikati yake ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo. Nilikuwa najua hivyo kama mtu anavyojua tarehe. Sikujua kwamba ratiba yote ya ndege wa pwani imeshikwa na jambo hilo. Maji yakikupwa wanatawanyika kwenye tope lote kutafuta chakula, huwezi kuwahesabu. Maji ya bamvua yakijaa wanasukumwa wote kwenye kipande kidogo cha mchanga, wamebanana, wanasubiri. Hapo ndipo pa kukaa na darubini.

Kila Januari, nchi nyingi duniani huhesabu ndege wa majini katika zoezi moja lililoanza 1967 na linaloratibiwa na Wetlands International. Januari ndiyo yenyewe kwa sababu wageni kutoka Ulaya na Siberia wako kwetu, wamekimbia baridi. Kuhesabu kundi ni ufundi, na ni ufundi unaofundishika ndani ya saa mbili. Huanzi moja, mbili, tatu. Unahesabu kumi, unaangalia kumi hiyo inachukua nafasi kiasi gani, halafu unaitembeza kumi hiyo juu ya kundi zima. Wakiwa wengi sana unafanya kwa mia. Mwenzako anahesabu kimya upande wake, mnaandika kabla ya kuambizana. Mwalimu wetu mstaafu wa hesabu aliupenda mtindo huu kuliko ndege wenyewe. Nadhani hata sasa hajui wale ni ndege gani.

Mmoja nitamtaja kwa sababu watoto humpenda: ndege mkubwa kidogo mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa. Huyo hazai kwetu. Anakwenda kuzalia kwenye pwani za Uarabuni, na huko anachimba shimo mchangani na kutaga ndani yake, jambo ambalo ndege wengine wa ufukweni wa aina yake hawafanyi. Msimu wa kaskazi tunamwona Dar, anatembea taratibu kama afisa mstaafu.

Upande wa msitu, somo ninalolitamani na sijalimaliza ni la komba. Wengi tunamjua yule mkubwa anayelia usiku minazini na anayesingiziwa kila kibuyu cha tembo kilichopungua. Lakini Pugu-Kazimzumbwi ina komba mwingine mdogo sana, uzito wake ni kama gramu 60 tu, mkia umejaa manyoya kama brashi ya kusafishia chupa. Anapatikana katika vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania na ni miongoni mwa nyani na jamaa zao walio hatarini zaidi Afrika. Gizani kumtambua kwa macho ni kubahatisha. Wataalamu hutegemea sauti, kila aina ya komba ina mlio wake. Kwa hiyo mafunzo yake ni ya masikio: kusikiliza rekodi, kurudia, kujaribiwa, halafu kwenda usiku na askari wa msitu kwa kibali. Kijana wa boda yuko mbele yangu sana. Anasikiliza milio hiyo kwenye spika za masikioni akiwa kijiweni, wenzake wanadhani ni singeli.

Mtandaoni nitapita haraka. iNaturalist, mtandao wa kutambua mimea na wanyama ulioanzia California mwaka 2008, unafaa kwa sababu unaweka picha na watu usiowajua wanakupinga. Nimewahi kuweka kiwavi wa kwenye mchicha wangu akaja mtu wa Afrika Kusini kunisahihishia ukoo mzima. Piga picha ya jani juu na chini, ua, gome, si mti wote kwa mbali. Viumbe walio hatarini mfumo wenyewe huficha mahali halisi walipoonekana, na hilo ni jema, wapo wanaowatafuta kwa nia nyingine. Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wana kozi ya bure ya kujifunza kuandika kumbukumbu za ndege kwenye eBird. Ni ya Kiingereza, na video zinakula bando, fanyia kazini ukiwa na bosi mwelewa.

Vyuo navyo vipo. Mweka, chuo cha wanyamapori chini ya Kilimanjaro, tangu 1963. Pasiansi kule Mwanza. Likuyu Sekamaganga, Namtumbo, wanakosomea askari wa wanyamapori wa vijiji. Chuo Kikuu Huria, makao yake Kinondoni, kwa mwenye kazi asiyeweza kuhama. Anayetaka kubadili maisha aende, ni vyuo vya heshima. Kwa mtu wa Jumamosi kama mimi, kuchukua stashahada ili niweze kujibu swali la msufi ni kununua ng'ombe kwa hamu ya chai ya maziwa. Ninachokitaka kwa vyuo hivyo ni kidogo: Jumamosi moja kwa msimu, mhadhiri mmoja, watu kumi na tano waliokwisha kuvuka hatua ya umuhimu wa mazingira, nauli juu yetu. Nimeshaliandika hilo kwenye barua zaidi ya moja. Kuna waliojibu vizuri, kuna ambao barua yangu bado "inafanyiwa kazi".

Kwa anayetaka kujiunga na saa nane zetu: Januari, bamvua, Kunduchi, tukijaaliwa. Tutakutana maji yakiwa yanaanza kujaa, saa kamili tutaijua kwa jedwali la maji na kwa wavuvi, tutawapigia simu. Ukiwa na darubini njoo nayo, ukiwa huna tunazo mbili za kupokezana. Viatu viwe vya kukubali tope. Kofia, maji, daftari, na penseli, kwa sababu wino ukipata maji ya chumvi hesabu yote imekwenda. Watoto wadogo waacheni nyumbani siku hiyo, tutakuwa kimya muda mrefu na hawataweza. Aliyeomba kuja na spika ya muziki, jibu ni lile lile la mwaka jana.